Kucha Zitakazodumu kwenye Baridi ya Njombe

Maji na unga wa akriliki hupenda chumba chenye joto la nyuzi 20 hadi 24. Saluni ya mjini Njombe, saa mbili asubuhi mwezi Julai, haifiki huko. Ukipanda Makete hadi kata ya Ipelele baridi ni kali zaidi, na kuna alfajiri za Juni na Julai ambapo umande huganda juu ya majani. Fundi aliyejifunza kazi Dar es Salaam, au kwa kutazama video kwenye simu, hufuata kila hatua aliyoelekezwa, halafu siku ya nne mteja anarudi na kucha tatu amezifunga kwenye leso. Fundi analaumu gundi, mteja anamlaumu fundi, na baridi iliyoharibu kazi tangu mwanzo hailaumiwi na mtu.

Wateja wa ukanda huu wanatofautiana sana. Makambako ni njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inakutana hapo na ile ya Songea, na treni ya TAZARA inasimama hapo, kwa hiyo fundi wake anawapata wasafiri, wauza nguo na mama lishe. Njombe mjini wapo wafanyakazi wa ofisi, wanafunzi wa vyuo na wenye mashamba ya parachichi na chai. Ipelele yuko mama anayelima viazi mwaka mzima, anayetaka mikono ipendeze siku ya sendofu ya binti yake. Wote hawa wana mambo mawili yanayofanana: mikono yao ni ya baridi, na mikono yao haikai bure. Fundi akiyaelewa hayo mawili, kucha zake zitadumu, na atakuwa na haki ya kudai bei inayomlisha.

Baridi kwanza

Baridi inaharibu akriliki kwa njia tatu. Kwanza, maji yake yanachelewa kushikana na unga, kwa hiyo fundi anaona mchanganyiko umelegea, anaongeza unga, na kucha inakuwa na vitobo vya hewa ndani. Pili, mchanganyiko ukikutana na kucha iliyopoa sana unaweza kuganda vibaya na kuacha mistari myeupe juu, mfano wa ukungu kwenye kioo. Mistari hiyo haitoki kwa kusugua. Ni lazima kucha ivuliwe ianzwe upya. Tatu, kucha inayoonekana imekauka juu huwa bado laini chini, na tupa ikipita mapema inaitikisa na kuifungua pembeni bila fundi kuona.

Jeli nayo inakuwa nzito kama asali. Fundi akiipaka hivyo inakaa nene, na taa inakausha sehemu ya juu tu.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Vichupa visikae usiku kucha kwenye saluni yenye sakafu ya saruji na dirisha linalopitisha upepo. Virudi nyumbani na fundi, vifungwe vizuri na kuwekwa mbali na jiko na watoto. Asubuhi chupa ya jeli iingizwe mfuko wa sweta dakika kumi na tano kabla ya kazi. Mteja apewe chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo kavu, aishike kwa mikono miwili wakati fundi anapanga vifaa. Vidole vikipata damu na joto, kucha inashika bidhaa vizuri zaidi, na mteja anatulia. Wateja wa akriliki wapangiwe kuanzia saa tano, jua likishapasha chumba; asubuhi ibaki kwa kupaka rangi ya kawaida na kusafisha miguu.

Kuna jambo ambalo halina mjadala, nalo ni jiko la mkaa. Njombe ni nchi ya miwati, miti iliyopandwa kwa wingi tangu kampuni ya TANWAT ilipoanzishwa mwaka 1949, na mkaa wake ni mzuri na unapatikana kirahisi. Ni kawaida kabisa kukuta jiko linawaka katikati ya saluni mwezi wa saba. Kwenye saluni ya kucha jiko hilo ni hatari kubwa. Asetoni hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauendi juu darini. Unatambaa sakafuni hadi ukutane na moto. Maji ya akriliki nayo yanashika moto. Juu ya hapo, mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na hiyo inaua. Jiko likae nje, lichemshe maji ya kujaza zile chupa za mteja. Ndani ya saluni moto usiingie, hata wa mshumaa umeme unapokatika. Taa ya kuchaji inatosha.

Mikono inayofanya kazi

Mafundi wengi wameona wapaka rangi wa mitaani wakiloweka vidole vya mteja kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na wanaiga. Kwa rangi ya kawaida hakuna neno. Kwa jeli na akriliki, kuloweka ni kosa. Kucha hufyonza maji na kutanuka. Bidhaa ikibandikwa juu yake na baadaye kucha ikakauka na kurudi kwenye umbo lake, bidhaa haiwezi kurudi nayo, na hapo ndipo inapoachia. Mikono ioshwe haraka kwa sabuni, ikaushwe sawasawa, kisha kazi yote ya maandalizi ifanyike kavu.

Maandalizi ndiyo yanayobeba kucha. Ngozi nyembamba iliyolala juu ya kucha karibu na shina iondolewe polepole kwa kijiti na kikwangulio, kwa sababu bidhaa iliyobandikwa juu ya ngozi lazima ibanduke. Ile ngozi hai inayoziba shina isikatwe; ni mlango uliofungwa dhidi ya vijidudu. Mng'ao wa kucha uondolewe kwa tupa laini bila kukwaruza hadi kucha iwe nyembamba. Vumbi lifutwe, kisha spiriti, kisha dawa ya kukausha mafuta. Baada ya hapo mteja asiguse nywele wala uso, maana mafuta ya kichwani kwenye kidole kimoja yanatosha kuharibu kazi ya saa nzima. Mwisho, bidhaa iachwe upana wa uzi kutoka kwenye ngozi pande zote. Inayogusa ngozi itainuka, na ikiinuka itaingiza maji.

Kisha urefu. Picha za mtandaoni zimewazoesha wateja kucha ndefu zenye umbo la jeneza au la mlozi, na bibi harusi anaweza kuzibeba kwa wiki moja. Mama anayechimba viazi, kukamua ng'ombe au kufua kwa mikono hawezi. Kucha ndefu ni wenzo: kadiri ncha inavyokwenda mbali na kidole, ndivyo kila kugonga kunavyozidisha nguvu kwenye shina, na kinachopasuka si plastiki peke yake bali kucha ya mtu pamoja nayo. Kwa mikono ya namna hiyo, ushauri mzuri ni jeli juu ya kucha yake mwenyewe, fupi, umbo la mraba wenye kona zilizoviringwa, na ncha ifungwe kwa jeli mbele ili maji yasiingie. Fundi anayemwambia mteja ukweli huu anaweza kupoteza shilingi elfu kumi siku hiyo, lakini anampata mteja wa mwaka mzima.

Kuna wateja ambao kazi zao zenyewe zinakataza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unawataka wahudumu wanaogusa wagonjwa wasivae kucha bandia, na kucha zao za asili ziwe fupi. Muuguzi wa hospitali ya Kibena au Ikonda akija, apambiwe miguu. Mjamzito aliye karibu kujifungua ashauriwe kuacha walau vidole viwili bila rangi, kwa kuwa kifaa kinachopima oksijeni hubanwa kidoleni na rangi nzito inaweza kukipotosha.

Taa, gundi na mzio

Taa ndogo za bei rahisi zimeenea kwa sababu ni nyepesi na zinachajiwa, na kwa fundi anayebeba begi kutoka kijiji hadi kijiji ni msaada mkubwa. Tatizo ni kwamba nyingi ni dhaifu, na betri ikipungua zinadhoofika zaidi huku mwanga wake ukionekana uleule kwa macho. Jeli ambayo haikuiva vizuri inabaki na kemikali hai chini yake, na kemikali hizo, jamii ya akrileti, ndizo zinazoleta mzio: vidole kuwasha, ngozi kupasuka, malengelenge kuzunguka kucha, wakati mwingine kope kuvimba kwa sababu mtu hujigusa usoni. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi wa Uingereza kilitangaza kwamba katika watu waliopimwa, asilimia 2.4 walikuwa na mzio wa angalau kemikali moja ya jamii hiyo. Mzio huu hauponi. Aliyeupata anaweza kuwa nao maisha yake yote, na kemikali za jamii hiyohiyo hutumika kuziba meno na kushikilia mifupa kwenye upasuaji. Kwa hiyo anayepata mzio saluni anaweza kuja kusumbuka kwa daktari wa meno.

Anayeathirika zaidi ni fundi mwenyewe, maana mteja anagusana na jeli mara moja kwa wiki tatu, fundi kila siku. Jeli isiguse ngozi, ipakwe tabaka nyembamba, na taa iwe ile iliyopendekezwa na mtengenezaji wa jeli hiyo. Glovu ziwe za nitraili, na zikipakwa bidhaa zibadilishwe mara moja, kwa sababu akrileti hupenya glovu nyembamba ndani ya dakika chache. Barakoa na dirisha lililofunguliwa kidogo vinamlinda na vumbi la kusaga. Mteja akilalamika kwamba taa inaunguza, atoe mkono, apumzike, aurudishe. Joto hilo linatokana na jeli nene inayoiva ghafla juu ya kucha nyembamba.

Tangu Septemba 1, 2025, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku TPO, kemikali inayosaidia jeli kuiva chini ya taa. Bidhaa zinazokataliwa soko moja hutafuta soko lingine, na fundi wa Njombe anayeagiza mzigo kwenye masoko ya Kariakoo au Mwanjelwa asome maandishi ya chupa. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato wala tarehe haifai kununuliwa hata ikiuzwa nusu bei.

Hilo ni kweli zaidi kwa maji ya akriliki. Yale yanayokubalika hutengenezwa kwa kemikali iitwayo EMA. Yale ya bei ya kutupa mara nyingi ni MMA, ambayo mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilianza kuyaondoa sokoni katika miaka ya 1970 baada ya watu kuumizwa kucha na ngozi. Fundi anaweza kuyashuku kwa dalili: harufu kali inayobaki chumbani siku nzima, kucha ngumu kama jiwe ambayo asetoni haiilainishi hata baada ya nusu saa, na inapogongwa haivunjiki yenyewe bali inang'oa kucha ya mtu.

Neno moja juu ya supa gluu. Ikimwagika, isifutwe kwa pamba. Gundi hiyo ikikutana na pamba hupata moto ghafla, na kidole kinaungua.

Kucha ngonjwa isifunikwe

Hapa ndipo heshima ya fundi inapopimwa. Mteja amekuja kutoka mbali, amevua kanga iliyofunika mkono, na kucha moja ina rangi ya kijani. Anataka ifichwe kabla ya Jumamosi. Fundi mwenye njaa ataifunika.

Ukijani huo kwa kawaida ni bakteria anayependa maji, aliyejificha katika nafasi kati ya kucha bandia iliyoinuka na ya asili. Siyo kuvu, ingawa wengi huita hivyo. Dawa ni kuvua bidhaa yote, kukata sehemu iliyoachana, kuosha, na kuacha kucha ikauke wazi hadi doa lisogee mbele na kukatwa. Kucha ya kidole cha mkono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi, ya mguu karibu nusu ya hapo, na ya mkono huchukua takriban miezi sita kujirudisha yote. Baridi nayo hupunguza kasi. Mteja aambiwe hivyo mapema ili asitegemee muujiza wa wiki mbili.

Kuvu ni kitu kingine: kucha inakuwa nene, ya njano au kahawia, inamomonyoka kama unga chini yake, hasa miguuni kwa watu wanaoshinda kwenye mabuti ya mpira. Tiba ni ya hospitali, na vidonge vyake hunywewa kwa wiki sita kwa kucha za mikono na kumi na mbili kwa za miguu, chini ya uangalizi. Mdudu wa kidole, yaani uvimbe wenye maumivu na usaha pembeni ya kucha, huwapata sana wanaokata ngozi ya shina na wanaoshinda na mikono ndani ya maji. Fundi asiutumbue. Akiloweke kidole kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo kama huduma ya kwanza, kisha ampeleke mteja kituo cha afya.

Mstari mweusi unaopita urefu wa kucha unahitaji busara. Kwa watu weusi ni jambo la kawaida, hasa ukiwa kwenye vidole kadhaa kwa miaka. Lakini mstari mmoja, kwenye kidole kimoja, unaozidi kupanuka au kumwaga weusi hadi kwenye ngozi, unaweza kuwa saratani. Bob Marley aligunduliwa saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977, jeraha ambalo mwanzoni lilidhaniwa ni la mpira wa miguu, na alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Fundi wa kucha ndiye mtu anayetazama vidole vya mteja kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote, pengine kuliko mumewe. Akimshauri mteja mmoja kwenda Hospitali ya Consolata Ikonda au ya rufaa ya mkoa mapema, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko rangi zote alizowahi kupaka.

Vidoa vyeupe, kwa upande mwingine, havina maana ya kukosa kalsiamu kama inavyosemwa. Mara nyingi ni alama ya kugongwa. Kucha zilizobonyea katikati kama kijiko zinaweza kuashiria upungufu wa madini ya chuma, na mteja apimwe damu.

Namna ya kukataa ina lugha yake. Kwa mteja wa rika la mama yake, fundi aanze na salamu kamili, kisha aseme: “Mama, kucha hii inaumwa. Nikiifunika leo, itapendeza Jumamosi na kuoza mwezi ujao. Nitakutengenezea hizi tisa vizuri, hii nitaikata na kuisafisha, ukitoka hospitali njoo nitaimalizia bure.” Hakuna mama wa Makete atakayeona amedharauliwa na maneno hayo.

Vifaa na damu

Njombe ndiyo mkoa wenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na kuendelea mkoani humo wana VVU, dhidi ya asilimia 4.4 kwa nchi nzima. Takwimu hii haimpi fundi ruhusa ya kumuuliza mteja hali yake wala kumtazama kwa jicho la shaka. Inampa wajibu wa kusafisha kila kifaa kana kwamba kila mteja ametoka damu. Na virusi vya homa ya ini aina ya B ni sugu kuliko VVU: vinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye mkasi mkavu, kwa siku saba au zaidi. Kupangusa mkasi kwenye shati hakufai kitu.

Utaratibu ni huu. Vifaa vya chuma vioshwe kwanza kwa sabuni na mswaki, maana dawa haiui kilichofunikwa na uchafu. Viloweshwe dakika kumi kwenye mchanganyiko wa sehemu moja ya Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5 na sehemu sita za maji, uliotengenezwa siku hiyohiyo. Visuuzwe na kukaushwa, kwa sababu klorini inaozesha chuma. Wanaotegemea kuchemsha wakumbuke mahali walipo: mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya huko huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Dakika ishirini zinazotajwa kwa watu wa pwani ziongezwe. Tupa za karatasi na vijiti vya mbao havisafishiki. Ni vya mteja mmoja, aende navyo au vitupwe.

Fundi akijikata kwa kifaa chenye damu ya mtu, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni bila kulikamua, na afike kituo cha afya siku hiyo. Dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Chanjo ya homa ya ini B ipo, na kila fundi wa kucha aitafute.

Bei

Mafundi wengi hupanga bei kwa kuchungulia saluni ya jirani na kupunguza elfu moja. Hesabu ifuatayo ni ya mfano. Kila mmoja aweke namba zake.

Tuseme fundi wa Makambako anahudumia wateja 60 wa jeli kwa mwezi. Chupa ya rangi ya shilingi 8,000 inapaka wateja 20, yaani 400 kwa kila mmoja. Jeli ya chini na ya juu pamoja ni 800. Pamba, spiriti, asetoni, foili, glovu na barakoa, 1,200. Tupa na kijiti, 500. Umeme, 200. Kodi ya chumba 60,000 ikigawanywa kwa wateja 60 ni 1,000. Taa na mashine ya kusagia, zikigharimu 200,000 na kudumu miaka miwili, ni kama 150. Jumla ni 4,250, na fundi bado hajajilipa hata senti. Akitaka kipato cha 300,000 kwa mwezi, kila mteja abebe 5,000. Akiongeza 750 ya kodi ya serikali, kazi za kurudia na siku za kuumwa, anafika 10,000.

Sasa jirani anatoza 7,000. Akimfuata, baada ya gharama anabaki na 2,750 kwa mteja, ambayo kwa mwezi ni 165,000, na hana akiba ya chochote. Mwezi wa tatu ataanza kutumia tupa moja kwa watu watano. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi mrefu wa saluni za kucha za jiji hilo, ambako bei ilishuka hadi wafanyakazi wahamiaji wakawa wanalipwa chini ya mshahara halali huku wakivuta kemikali kutwa. Bei ya chini ilikuwa inalipwa na mtu, ila mtu huyo hakuwa mteja.

Kuna kazi ambazo mafundi huzifanya bure bila sababu. Kuvua kucha za zamani huchukua nusu saa na asetoni. Iwe na bei yake, na iwe ndogo kidogo kwa mteja wake wa kudumu. Akivuliwa kwa kunyofolewa anaondoka na nusu ya kucha yake, kwa hiyo foili na subira haviepukiki, na siku za baridi mikono ifungwe taulo la joto ili asetoni ifanye kazi haraka. Kujazia baada ya wiki mbili au tatu kuwe nafuu kuliko seti mpya, ili mteja arudi mapema kabla maji hayajaingia. Kucha ikibanduka ndani ya siku tano bila kugongwa, fundi airekebishe bure, kwa sababu kosa ni la maandalizi. Bibi harusi alipe kishika nafasi cha nusu, kisichorudishwa akighairi siku mbili kabla. Fundi anayekwenda Ipelele kwa gari au bodaboda aweke nauli kando ya bei, aitaje kabla hajaondoka, na akusanye wateja watatu au wanne kwa safari moja.

Mteja akisema “Punguza kidogo, dada,” kupunguza bei si lazima. Apunguze kazi: rangi moja badala ya michoro, vidole vya mkono bila miguu. Thamani ya saa yake ibaki palepale.

Na daftari. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Fundi wa mfano wetu, mwenye wateja 60 wa 10,000 kwa miezi 12, anauza milioni 7.2. Asipotunza kumbukumbu, kiwango chake ni 250,000. Akizitunza, analipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani 96,000. Shilingi 154,000 zinaokolewa na daftari la kuandika tarehe, kazi na kiasi. Kila mwaka aulize ofisi ya TRA kama viwango vimebadilika.

Aliyejifunza kazi mtaani anaweza pia kwenda VETA, ambako kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa na kuutolea cheti. Vikundi vya wanawake na vijana wafuatilie mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Taa yenye nguvu na mashine nzuri ya kusagia ni vitu vya kukopea. Hereni za kuuza kando na pochi si vya kukopea kwa jina la kucha.

Mafundi wa Njombe, Makambako na Makete wakae pamoja kabla msimu wa harusi wa Desemba haujaanza, hata kama ni kwa kikundi cha WhatsApp, wakubaliane mambo matatu: asiwepo anayefunika kucha ngonjwa, asiwepo anayevua kucha bure, na asiwepo anayenunua maji ya akriliki yasiyo na jina. Mteja atakayekataliwa kwa mmoja asipokelewe na mwingine mtaa wa pili.